Moshi wa Jiko na Mafua ya Watoto Wetu

 

Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlio masomoni Mbarara, natumai maneno haya yanawakuta katika afya njema. Kama kuna anayeyasoma huku akikohoa, basi yeye ndiye hasa niliyemkusudia.

Si wiki nyingi zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, mzazi mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Ustadhi, hii mafua ya madrasa yako itaisha lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nilitoa daftari la mahudhurio nikaketi nalo. Madrasa yetu ina watoto 64. Katika wiki moja ya mvua siku mbaya zaidi walikuja 39. Niliandika mbele ya majina "mgonjwa", "mgonjwa", "mgonjwa", mpaka mahali pengine nilichoka nikaweka alama ya mstari tu. Yule mzazi alisema mzaha, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Nimefundisha Rugaaga zaidi ya miaka kumi. Nilifika Nakivale mwaka 2012 na familia yangu, tulipokimbia vita vya Rutshuru kupitia Bunagana, na wengi wenu mnaijua njia hiyo kwa miguu yenu. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya ndugu wa Rwanda, na leo ndani ya kanda zake tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Tunatofautiana lugha na mapishi. Katika jambo moja tunafanana karibu sote: asubuhi na jioni tunawasha kuni juu ya mafiga matatu, na mwenye nafuu anawasha makaa kwenye sigiri.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni mpaka Agosti na tena baada ya Desemba, tatizo letu ni vumbi. Lori moja likipita barabara ya murram, nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi, na msafiri wa Mbarara anayekwenda kwa bodaboda anafika kwenye lami kope zake zikiwa nyekundu. Mvua zikija, vumbi linatulia, watu wanashukuru. Lakini hapo ndipo moshi unapoingia ndani. Kuni zinalowa. Mama hawezi kupikia nje. Anaingiza mafiga ndani ya kibanda cha turubai au cha udongo chenye mlango mmoja, na watoto wanaingia naye kwa sababu ya baridi. Maharage ya mgao, kama mjuavyo, hayana haraka. Yakiwa makavu yanaweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, na kwa saa zote hizo nyumba nzima inavuta moshi wa mkaratusi mbichi.

Na mimi, mwalimu wao, nilifanya nini mafua yalipoingia darasani? Nitasema ukweli ingawa unanitia aibu. Nilifunga madirisha. Nilisema hewa ya mvua ndiyo inayowaletea watoto kifua. Kisha nikaleta chetezo, nikatia makaa na ubani, nikafukiza darasa zima ili "kusafisha hewa". Jiko letu la madrasa, ambapo mama mmoja hutupikia uji na siku za Jumamosi posho na maharage, lilikuwa banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, na moshi wake ulipita juu ya ukuta pale bati lilipoachana na udongo. Kwa hiyo watoto 60 walikuwa wamefungiwa chumba kimoja, wakipumuliana, wakavuta moshi wa jiko na wa chetezo kwa pamoja. Nilidhani natibu.

Siku moja wakati huo huo darasa la wakubwa lilikuwa likisoma Surat Ad-Dukhan, sura ya 44. Nilikuwa nimewaeleza kwamba jina la sura maana yake ni moshi. Mvulana mmoja, macho yanamtoka machozi, akainua mkono: "Ustadhi, moshi wenyewe ndio huu?" Nilimkemea kwa kuchezea kitabu cha Mwenyezi Mungu. Leo nadhani mtoto yule hakuwa akicheza. Aliuliza alichokiona.

Jambo lililonifungua macho lilitokea nyumbani kwangu. Ilikuwa Oktoba mwaka 2023. Binti yetu wa mwisho alikuwa na miezi kumi na minne. Alianza na mafua kama watoto wote wa jirani: kamasi, joto, kikohozi kidogo. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni wakati wa kupika, kwa sababu mtoto mgonjwa halali peke yake. Siku ya pili joto likapanda. Mimi nikasema ni malaria, maana huku kila joto ni malaria mpaka ithibitike vingine, nikampa dawa iliyobaki ya kaka yake. Msifanye hivyo. Siku ya tatu usiku alikuwa akipumua haraka haraka, na kila akivuta pumzi, nyama chini ya mbavu zake ilikuwa ikiingia ndani. Mke wangu alimfunua kifua akanionyesha kwa tochi ya simu. Alfajiri tulikuwa njiani.

Kutoka kituo cha afya tulipelekwa Mbarara. Ilikuwa nimonia, wengine huita kichomi. Aliwekewa mpira wa oksijeni puani, akapewa sindano, na siku mbili zile sikujua kama nitarudi Rugaaga na mtoto au na sanda. Alhamdulillah, alipona.

Siku ya tatu muuguzi mmoja alikuja na karatasi zake. Aliuliza chanjo, akauliza maziwa ya mama, kisha akaniuliza: "Ssebo, nyumbani mnapikia wapi?" Nilikasirika kidogo moyoni. Mtoto wangu yuko kwenye oksijeni, wewe unaniuliza habari za jikoni! Nikajibu kwamba tunapikia ndani wakati wa mvua, kama watu wote. Akauliza kama yupo mwingine anayekohoa. Nikasema hapana.

Mke wangu, aliyekuwa ameketi kitandani na mtoto, akasema kwa sauti ndogo: "Mimi nimekohoa miaka yote hii. Hukuwahi kuuliza."

Ndugu zangu, nimesikia mawaidha mengi maishani mwangu na nimetoa mengi. Sijui lililonifikia kama hilo.

Tangu siku hiyo nimeuliza kila mtaalamu niliyekutana naye, na vijana wetu wa Mbarara wamenisaidia kusoma. Nitawaeleza nilivyoelewa. Kwanza, moshi hauleti mafua. Hilo lazima liwe wazi, maana kuna wanaosema hivyo. Homa ya mafua inaletwa na virusi, na virusi vinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa chafya, kikohozi, pumzi ya karibu na mikono. Ukiwasha kuni peke yako jangwani mwaka mzima utapata kikohozi cha moshi, lakini hutapata homa ya mafua mpaka aje mtu aliye nayo. Moshi unachofanya ni kumwondoa bawabu mlangoni.

Ndani ya njia zetu za hewa Mwenyezi Mungu ameweka ute, na chini ya ute kuna vijinywele vidogo mno ambavyo havionekani kwa macho, vinavyopiga kama makasia na kuusukuma ute kuelekea juu kooni pamoja na uchafu ulionasa na vijidudu. Moshi unavipunguzia nguvu. Chini zaidi, ndani ya mapafu, kuna chembe hai za mwili ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Zikijaa masizi zinafanya kazi yake vibaya. Uchafu mbaya kuliko wote ni ule usiouona. Wataalamu wanaupima kwa chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele wa kichwa chako una upana wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo zinapita puani na kooni na kushuka mpaka mwisho wa pafu. Virusi vikifika kwenye pafu la namna hiyo vinakuta nyumba iko wazi, na nyuma yake wanaweza kuingia bakteria wa nimonia. Tena aliyekereketwa na moshi anakohoa zaidi, na kila akikohoa anawagawia wenzake.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata ugonjwa wa mapafu, na kwamba mwaka 2020 moshi huo ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Watu wa Goma hawatashangaa kuambiwa hewa inaua. Wao wana neno mazuku, kwa ile hewa ya kaboni inayotulia kwenye mabonde karibu na volkano na kuua mbuzi na watu bila harufu. Tofauti ni kwamba mazuku huua papo hapo, kwa hiyo tunayaogopa. Moshi wa jikoni unachukua miaka, na tunauita kawaida.

Kuhusu mafua yenyewe, watafiti wa Beijing walichapisha mwaka 2016 hesabu zao za miaka kadhaa, wakilinganisha chembe hizo ndogo hewani na idadi ya watu waliofika hospitali na ugonjwa wa mfano wa mafua. Uhusiano ulikuwa wa nguvu katika msimu wa mafua; nje ya msimu huo haukuonekana. Nadhani hili linakubaliana na nilivyosema: pasipo na virusi, moshi hauna wa kumfungulia mlango.

Kisa kingine kilichonishika ni cha London. Kuanzia tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu ukafunika mji. Walikufa kwa maelfu. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama 4,000. Lakini vifo viliendelea kuwa vingi Januari na Februari, na serikali ikasema hivyo vya baadaye ni vya homa ya mafua, kesi ikafungwa. Nusu karne ikapita. Mwaka 2004 watafiti walirudia hesabu wakaonyesha kwamba mafua peke yake hayangeweza kueleza vifo vyote vile, na jumla inayotajwa sasa inafika 12,000. Nilipokisoma nilijiona mimi mwenyewe na daftari langu, nikiandika "mgonjwa", "mgonjwa", na kulaumu mvua.

Hata hivyo sitaki kuwauzia dawa ya uongo. Mwanafunzi wetu mmoja aliponisikia nikisema tukibadilisha majiko nimonia itakwisha, alinijibu kwa adabu kwamba mambo si mepesi hivyo. Guatemala walijenga majiko yenye bomba la moshi, na matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha nimonia kali imepungua kwa kiasi cha theluthi moja, ingawa nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Malawi waligawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, na mwaka 2017 wakakuta watoto wanaugua nimonia vile vile. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi nne, Guatemala, India, Peru na jirani zetu wa Rwanda, ambako familia zilipewa gesi ya kupikia tangu mama akiwa mjamzito. Moshi jikoni ulipungua sana. Nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua.

Nilivunjika moyo, nakiri. Kisha nikafikiri. Mtoto havuti hewa ya jiko la mama yake tu. Anavuta ya jirani, ya takataka zinazochomwa nyuma ya soko, ya vumbi la barabara. Anakula kidogo, analala na wenzake watano chini ya turubai moja. Ukiondoa moshi mmoja kati ya kumi, yale mengine bado yapo. Hayo ni maoni yangu mimi, si ya watafiti. Na hata kama mtoto hakunufaika kama walivyotarajia, kuna mama anayesimama juu ya moto ule miaka thelathini, na mapafu yake ni amana vile vile.

Hata daftari langu halithibitishi chochote. Niliona kwamba mstari wa nyuma, karibu na jiko, ndio uliokuwa na wagonjwa wengi, nikadhani nimegundua siri. Lakini mstari huo ndio wa wadogo wanaoanza alifu, na wadogo huugua zaidi popote uwaketishe.

Katika dini yetu jambo hili halina ugumu. Mtume wetu (s.a.w.) aliwataka waliokula kitunguu saumu kibichi wakae mbali na msikiti, kwa sababu ya harufu tu inayowaudhi wenzao. Alipopiga chafya alikuwa akijifunika uso. Kama harufu ya kitunguu imewekewa adabu, mimi niliyewafukizia watoto 60 moshi wa kuni nitajitetea vipi? Na wakati wa korona, shule za Uganda zilipofungwa tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022 na madrasa zikanyamaza nazo, tulijifunza kunawa mikono, kuvaa barakoa, kufungua madirisha. Sikumbuki mtu aliyetutajia jiko.

Dhambi yangu nyingine ni hii. Mwaka 2022 mpishi wetu aliomba jiko lihamishwe mbali na darasa, na kamati ikasema hakuna fedha. Mwaka huo huo tulichangisha tukanunua kipaza sauti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mimi.

Tumefanya nini basi? Madogo. Chetezo hakiingii tena darasani. Madirisha ya upande usio na barabara yanabaki wazi hata mvua ikinyesha, na mtoto mwenye baridi aje na sweta. Kiangazi tunamwagia uwanja maji kidogo kabla ya kufagia. Maharage tunayaloweka usiku kucha, na mpishi anasema kuni anazotumia zimepungua karibu nusu. Kuni tunanunua mapema na kuzianika chini ya paa, maana kuni kavu ina moshi mdogo. Mtoto mwenye homa na kikohozi anabaki nyumbani, na simwandiki mtoro. Hili wazazi wengine hawakulipenda, kwa kuwa madrasa ndiyo inayowapumzisha, lakini naomba mnivumilie. Na anayepumua haraka, au nyama ya kifua inaingia ndani, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi wala dawa ya jirani.

Nanyi vijana wa Mbarara mnaopanga vyumba: makaa hayana moshi mwingi, kwa hiyo mnayaamini. Msiingize sigiri chumbani mkafunga mlango mkalala. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtu hukuta asubuhi haimfikii.

Mafua hayajaisha. Wiki iliyopita walikosekana tisa. Nyumbani kwangu, mvua ikinyesha, mke wangu bado anapikia ndani. Tumepanua dirisha, lakini chumba ni kile kile. Nilipomwambia asimbebe mtoto jikoni aliniuliza, "Nimwache kwa nani?" Kwa hiyo saa ya kupika ninakuwa naye mimi. Wanafunzi wa jioni wameshazoea kusoma huku binti yangu ameketi mapajani mwangu akivuta ncha ya kanzu.

Jiko jipya la madrasa tumelipimia mahali, hatua 25 kutoka darasani, upande ambao upepo hautuletei. Matofali ya udongo yapo tayari, mabati tunayo 11 kati ya 16. Jumamosi ijayo baada ya Alasiri tunaanza kuezeka. Mwenye nyundo aje na nyundo, mwenye bati la zamani lisilovuja tunalipokea. Mke wangu amesema atakuja mwenyewe, aone tundu la moshi tumeliweka upande gani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.